Likizo ya Miguu

Ipo methali ambayo watu wenye kazi nyingi huisikia kwa sikio moja na kuitoa kwa la pili. Methali hiyo husema kwamba mtembea bure si sawa na mkaa bure. Maana yake ni kuwa hata yule anayetoka nyumbani bila haja maalumu, asiye na kitu anachokitafuta, huenda akakutana na jambo la kumfaa njiani, ilhali aliyeketi kitako hupitwa na wakati pamoja na yote yaliyomo ndani yake. Wengi hudhani ni methali ya kuwatetea wazururaji. Esteri Niyongabo naye alidhani hivyo, mpaka mwaka ule alipochoka.

Esteri alikuwa mkunga katika kituo kimoja cha afya upande wa Kitahana, wilayani Kibondo. Wazazi wake walivuka mpaka kutoka Burundi wakiwa vijana, wakapewa shamba, baadaye wakapewa uraia, naye akazaliwa na kusoma huku huku. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye mwendo wa haraka na sauti ya chini. Kwa miaka mingi mikono yake ndiyo iliyokuwa ya kwanza kuwapokea watoto wa vitongoji vile, na watu walimheshimu. Lakini tangu mvua za mwanzo wa mwaka, uchovu ulikuwa umemwingia kama maji yaingiavyo katika ukuta wa tope: hayaonekani yanapopitia, ila ukuta unalegea. Alilala asipumzike, akala asishibe. Akiitwa, alichelewa kuitika kama mtu aliyesikia jina la jirani yake.

Uchovu huo ulikuwa na chanzo, ingawa hakumwambia mtu. Mwishoni mwa mwezi wa pili alimzalisha mwanamke kijana aitwaye Ange, kutoka kitongoji cha Nyamihanga. Mtoto alizaliwa salama, wa kiume, akalia kwa nguvu. Mama yake ndiye aliyeanza kuvuja damu, na damu ikakataa kukatika. Esteri alifanya yote aliyofundishwa na yote aliyojifunza mwenyewe, kisha akaita gari la wagonjwa na kupanda naye nyuma kuelekea hospitali. Wifi ya Ange alibaki kituoni kumshika mtoto, na mumewe akafuata kwa pikipiki, akaachwa mbali nyuma. Mvua ilikuwa ikinyesha tangu asubuhi, barabara ilikuwa utelezi mtupu, na Ange alikata roho kabla hawajaufikia mji.

Hakuna aliyemlaumu Esteri. Mganga mfawidhi alisema wazi kwamba hakuna kilichosahauliwa. Lakini kutolaumiwa si kusamehewa, hasa kwa mtu ambaye mahakama yake imo kifuani mwake. Hakwenda msibani. Alijiambia kuwa ana zamu, na zamu ilipokwisha alijiambia kuwa matanga yamekwisha anuliwa, na kwamba mkunga akienda sasa ataonekana kama mtu aliyekuja kutonesha kidonda.

Mwezi wa tano akapigiwa simu na Daktari Menna. Huyu alikuwa mwanamke wa Welisi, nchi ndogo yenye milima iliyo ubavuni mwa Uingereza. Aliwahi kufanya kazi katika kambi za wakimbizi za Kigoma na kuwafundisha wakunga wa vituo vya jirani, na Kiswahili chake cha kuokoteza kilikuwa hakijamtoka. Siku hiyo alikuwa na furaha. Alikuwa ametandaza ramani mezani pamoja na dada zake, wakipanga likizo yao ya kiangazi: watapanda mlima huu, watalala katika bonde lile, watashuka upande wa pili. Huko kwao, alieleza, mvua haina msimu bali hunyesha inapojisikia, kwa hiyo nusu ya mipango yao ilikuwa mipango ya makoti.

Esteri alimsikiliza kwa adabu, kisha akamwuliza, "Huko juu mnafuata nini?"

"Hakuna kitu," Menna alijibu. "Tunapanda, tunakula mkate, tunashuka."

Esteri alicheka. Kicheko kilimtoka bila kupiga hodi, na kilipokwisha yeye mwenyewe alishangaa, kwa maana hakukumbuka mara ya mwisho alipocheka. Menna akamwuliza atafanya nini katika likizo yake mwenyewe. Esteri akajibu kuwa atakaa nyumbani.

Simu ilipokatika, jibu hilo lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Kukaa nyumbani alikujua. Mwaka uliotangulia alikaa nyumbani likizo nzima, na kila mwenye homa alimfuata mlangoni, kila mwenye ugomvi wa ndoa aliuleta ugomvi wake ukumbini. Zaidi ya hayo, mwaka huu aliogopa ukimya. Kila alipoketi peke yake, gari lile la wagonjwa lilianza kuteleza tena mbele ya macho yake.

Basi akaenda kwa rafiki yake Rosa. Rosa alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mzaliwa wa Nyakitonto wilayani Kasulu, na urafiki wao ulianzia bwenini walipokuwa wasichana. Rosa alikuwa mjane mwenye maneno mengi na kicheko cha kusikika mtaa wa pili. Esteri alipomweleza habari za Daktari Menna na dada zake, Rosa hakuuliza swali hata moja. Aliondoka, akarudi na kalenda ya mwaka uliopita, akaigeuza nyuma palipo peupe, akasema kwamba milima si mali ya Welisi peke yake. Wao wangeanzia Kitahana, wapande upande wa machweo ya jua, kisha wafuate mgongo wa milima kuelekea kusini mpaka Nyakitonto kwa wazazi wake. Wangekwenda kwa miguu, polepole, bila kutumwa na mtu.

Tangu siku hiyo walikutana barazani kwa Rosa kila alasiri walipopata nafasi. Mipango ikawa mitamu kuliko safari yenyewe ilivyokuja kuwa. Walibishana kuhusu viatu. Rosa alitaka raba za mitumba. Esteri alishikilia kuwa katambuga za tairi zinajua mawe ya milima ya Buha kuliko raba yoyote. Walibishana kuhusu unga wa muhogo na karanga, na kama dagaa watawanukia mgongoni. Baridi ya milimani mwezi wa saba waliijua, kwa hiyo blanketi halikubishaniwa. Wangelala kwa akina mama wa kanisa, maana katika vijiji vile hakuna mahali ambapo mwanamke mwenye blanketi lake hunyimwa kona ya kulaza kichwa.

Jambo moja tu Esteri alilifanya bila kufichua sababu yake. Rosa alipochora njia, mstari wake ulishuka bondeni na kupita Nyamihanga, penye maji na njia laini. Esteri akaichukua kalamu, akauinua mstari ule mpaka juu kabisa ya mgongo wa mlima, akisema kwamba huko juu mtu huona mbali. Rosa alitazama, akasema kwamba huko juu pia hakuna maji. Esteri akajibu kuwa watabeba. Rosa hakujua kwamba rafiki yake hakuwa akitafuta mahali pa kuona mbali. Alikuwa akitafuta mahali pa kutoonekana.

Habari zilipoenea, maneno yakazuka kama kumbikumbi baada ya mvua. Wengine walisema nesi anakwenda kwa mganga wa kienyeji. Wengine walisema amesikia habari za machimbo. Wapo waliokuwa na hakika kwamba anamkimbia mumewe. Wifi yake Anne-Marie, dada mkubwa wa mumewe, alikuja mwenyewe kumkanya. Alikuwa mwanamke mchapakazi ambaye hajawahi kutembea hatua bila mzigo kichwani, na jambo la kutembea ili kutembea lilimwudhi kama chakula kilichomwagwa.

"Wifi," alimwambia, "mtembezi hula miguu yake. Una nyumba, una shamba, una mume. Kaa upumzike kama watu."

 Esteri alisema tu kwamba amesikia.

Mumewe, Leonidasi, alikuwa na pingamizi lenye uzito zaidi. Alikuwa mfanyabiashara wa maharage, mtu mpole aliyezoea gulio la Mabamba na watu wa pande zote mbili za mpaka. Alimsikiliza mkewe mpaka mwisho, kisha akamwita kwa jina la binti yao, kama alivyofanya alipokuwa na jambo zito.

"Mama Nadège, huku si Ulaya," alisema. "Mtu akikukuta porini karibu na mpaka, una mfuko mgongoni na jina lako ni Niyongabo, unadhani atakuuliza habari za mandhari?"

"Nina kitambulisho, baba Nadège."

"Kitambulisho husomwa na anayetaka kusoma."

Maneno hayo yalikuwa ya kweli, na kwa kuwa yalikuwa ya kweli yalimchosha Esteri kuliko uongo wote wa mtaani. Kisha likizo yake ikasogezwa mbele kwa sababu mwenzake kazini alijifungua. Halafu Rosa akaugua malaria. Mwishowe Esteri alikunja ile kalenda na kuiweka juu ya kabati, akamwambia Rosa kwamba huenda mwaka mwingine Mungu akipenda. Rosa, akiwa bado kitandani, alimjibu kuwa mwaka mwingine ni shimo ambalo watu hutupia vitu wanavyovipenda.

Likizo ilipoanza hatimaye, Esteri akakaa nyumbani. Asubuhi ya kwanza aliketi uani na ungo wa maharage ya kuchambua mapajani. Leonidasi alitoka kwenda sokoni akimwacha hapo. Aliporudi adhuhuri alimkuta pale pale, ungo ule ule, hakuna punje iliyosogezwa. Jua lilikuwa limemhama na kumrudia. Alikuwa akitazama ukuta wa jikoni kama mtu anayesubiri utamke neno.

Leonidasi alifunga lango. Hakuwa mtu wa maneno matamu. Alivuta kigoda, akaketi karibu naye, akauchukua ungo, akaanza kuchambua mwenyewe. Kisha akamwambia kwamba kalenda ile ishushwe kabatini. Wiki iliyofuata alikwenda gulioni Mabamba, na badala ya kuuliza bei, aliwauliza wachuuzi njia zipi zinapitika na vijiji vipi vina watendaji waungwana. Aliporudi alimkabidhi mkewe sharti moja tu: kila kijiji watakachofika wajitambulishe kwanza kwa mtendaji, kabla watu hawajawatambulisha kwa maneno yao. Esteri akaahidi.

Waliondoka alfajiri ya siku ya Jumatatu, Rosa akiwa amepungua mwili kwa malaria lakini si maneno. Anne-Marie aliwasindikiza hadi njia panda, akamtilia wifi yake mihogo ya kuchemsha katika mfuko, akageuka kurudi shambani.

Siku ile ya kwanza haikuwa na raha yoyote. Mlima uliokuwa mwembamba kama uzi nyuma ya kalenda ulikuwa mnene miguuni. Pumzi ziliwapanda, magoti yakawauma, na raba za Rosa zikamchubua visigino kabla ya saa sita. Nyasi za kiangazi zilikuwa kavu, upepo ulikuwa wa baridi na jua kali kwa wakati mmoja. Esteri alitembea mbele akiwa ameinamisha kichwa. Alikuwa amesikia kwamba watu wa Welisi hufurahi huko juu. Yeye alihisi kama mtu aliyebadilisha uchovu mmoja kwa mwingine. Hata hivyo aligundua kitu. Uchovu huu mpya ulikuwa na mahali pake: ulikuwa katika vigimbi vya miguu, katika mabega, katika nyayo. Ungeweza kuushika na kuukanda kwa mafuta ya mawese. Ule wa zamani hakuwahi kujua aukande wapi.

Kijiji walichofikia jioni kilikuwa na mtendaji kijana mwenye shaka nyingi. Alivigeuza vitambulisho vyao mbele na nyuma, akauliza wanatafuta nini. Rosa akamwambia wanatembea. Akauliza wanatembea kwenda wapi. Rosa akasema Nyakitonto. Akauliza Nyakitonto kuna nini, msiba au harusi. Rosa akasema hakuna. Kijana yule akawatazama viatu, akaitazama miguu iliyochubuka, na uso wake ukabadilika kutoka shaka kuwa huruma, kama anavyotazamwa mtu aliyepatwa na jambo kubwa asilotaka kulisema. Akawapeleka kwa mama yake wakale na kulala. Usiku ule Esteri alilala kama jiwe lililotupwa majini.

Siku ya pili, jua lilipopanda, waliuona moshi. Watu walikuwa wamechoma nyasi kutayarisha malisho, na moto uliwaponyoka ukapanda mgongo wa mlima. Njia ya juu, ile ambayo Esteri aliichagua kwa mkono wake, ilikuwa imefunikwa na wingu la kijivu, na majivu yalikuwa yakianguka juu ya vitambaa vyao vya kichwani. Mwanamke mmoja aliyekuwa akishuka na mzigo wa mihogo mikavu aliwaambia wasithubutu kuendelea. Kurudi walikotoka pia hakufai, kwa sababu upepo ulikuwa ukisukuma moto upande huo. Akawaonyesha kwa kidevu njia iliyoteremka bondeni.

"Inatokea wapi?" Rosa akauliza.

"Nyamihanga," yule mama akajibu, akaendelea na safari yake.

Esteri akaketi juu ya jiwe. Rosa alidhani ni kizunguzungu, akamletea maji. Ndipo Esteri, kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa pili, akalitaja jina la Ange mbele ya mtu. Alieleza kwa maneno machache makavu, kama anayesoma ripoti ya zamu: damu, gari, mvua, barabara. Akasema pia kwa nini aliupandisha mstari juu ya mlima.  Rosa alimvua rafiki yake mfuko, akauvaa mwenyewe juu ya wake, akatangulia kuteremka.

Nyamihanga kilikuwa kitongoji cha nyumba chache zilizotawanyika kati ya migomba. Wakaomba maji nyumba ya kwanza. Mwenye nyumba alikuwa mama kijana, na alipomtazama Esteri vizuri uso ulimng'aa, akaita watoto wake waje kumsalimia nesi aliyewapokea walipozaliwa. Katika kitongoji kidogo habari haihitaji miguu. Kabla hawajamaliza maji yao, Esteri alimwona mwanamke akija kwa njia ya migombani, mrefu, amefunga kanga nyeusi iliyopauka, na mtoto mgongoni. Hakuhitaji kuambiwa ni nani. Ange alikuwa na paji lile lile la uso.

Mama Ange aliwasalimia kwa Kiha, taratibu, akaketi juu ya mkeka mkabala na Esteri. Mwenye nyumba akaelewa, akawachukua watoto wake na kuondoka. 

"Nilikuja kituoni kwako mwezi wa nne," Mama Ange alisema. "Nikakuona unapita na beseni. Nikashindwa kukuita, nikarudi nyumbani."

Esteri akamwuliza, "Ulikuwa na shida gani, mama?"

"Swali moja." Mama Ange aliitazama mikono yake mwenyewe, iliyopasuka kwa jembe. "Huku tuliambiwa kwamba uliketi mbele kwa dereva kwa ajili ya mvua. Kwamba mwanangu alikufa huko nyuma peke yake, kama mzigo. Niambie tu kama ni kweli, nesi. Sitakulaumu. Nataka kujua ili nilale."

Esteri alikuwa amejitayarisha kwa miezi mingi kujibu mashtaka. Alikuwa na majibu kuhusu dawa, kuhusu damu, kuhusu barabara. Hili hakuwahi kuliwaza hata mara moja, kwamba mahali fulani mama mmoja alikuwa akikesha kwa jambo ambalo halikutokea, na kwamba neno la kumponya lilikuwa limefungiwa katika kinywa cha mtu aliyeogopa kuja kulitoa.

"Si kweli, mama," alisema. "Niliketi sakafuni pamoja naye. Kichwa chake kilikuwa mapajani mwangu, na mkono wake nilikuwa nimeushika. Sikuuachia mpaka mwisho, na hata baada ya mwisho. Hakuwa peke yake."

Mama Ange alifumba macho.  Kisha akauliza, "Alisema nini?"

Esteri alisita. Maneno ya Ange alikuwa nayo, lakini aliyaona madogo mno kumpa mzazi. Angependa awe na kitu kikubwa zaidi cha kumkabidhi, wosia au sala.

"Aliniuliza kama mtoto ni mzima, nikamwambia ni mzima. Halafu akaniuliza kama mmeanua maharage. Alisema mliyaanika uani, na mvua ile."

Mabega ya Mama Ange yakaanza kutikisika. Esteri alidhani analia, akainuka kumshika, kumbe alikuwa akicheka, kicheko cha chini kilichokuwa kikitoka kwa taabu kama maji ya kisima kilichokaa bila kutumika.

"Huyo ndiye Ange," alisema. "Huyo ndiye mwanangu kabisa. Hatukuyaanua, nesi. Nani angekumbuka? Yaliota pale pale uani."

Ndipo machozi yakaja, kwa wote wawili, na Rosa akatoka nje kwenda kuitazama migomba.

Walipotulia, Mama Ange alimfungua mtoto mgongoni na kumweka mikononi mwa Esteri. Aliitwa Athanase, jina la babu yake. Mikono ya mkunga ilimjua kabla ya macho. Alikuwa mwepesi kuliko mtoto wa umri wake, mbavu zilihesabika, na kifua kilikuwa na sauti ya mkwaruzo. Esteri akauliza kwa upole alipelekwa kliniki mara ya mwisho lini. Mama Ange akakiri kwamba hajawahi kupelekwa. Alikuwa akinyweshwa uji na maziwa ya ng'ombe yaliyoongezwa maji, na hakuna mtu wa ukoo ule aliyetaka kukanyaga tena katika kituo ambamo mtu wao alitolewa kama mzigo. Hata chanjo hakuwa amepata.

Wasafiri wale wawili hawakuendelea siku ile wala siku iliyofuata. Esteri alikaa na Mama Ange jikoni, akamwonyesha namna ya kutengeneza uji wenye karanga zilizosagwa. Karanga zenyewe zilikuwa zile ambazo yeye na Rosa walizigombania barazani. Alimpigia mganga mfawidhi simu kuhusu kifua cha mtoto, na baba wa Athanase, ambaye tangu msiba alikuwa hazungumzi na mtu, akampakia mama mkwe wake na mwanawe kwenye pikipiki kwenda Kitahana. Waliporudi na dawa, baba yule alisimama mbele ya Esteri, akavua kofia, akaivaa tena.

Kisha wakaendelea na safari, kwa sababu Rosa alisema mpango ni mpango na mama yake alikuwa amekwisha kuambiwa. Walifika Nyakitonto siku kadhaa baadaye, wachafu, wakichechemea, midomo imepasuka kwa upepo. Kulikuwa na asubuhi moja njiani ambapo ukungu ulijaza mabonde yote na vilele vikabaki juu yake kama visiwa, wakaketi wakala mihogo baridi. Hiyo ndiyo starehe yote waliyoipata, na wazazi wa Rosa walipowauliza waliona nini, hawakuweza kuieleza.

Esteri alirudi Kitahana kwa gari. Wifi yake alikuja jioni hiyo hiyo, akamkuta ameweka miguu katika beseni la maji ya chumvi. Anne-Marie aliyatazama malengelenge, akaketi, akayachukua maji yaliyopoa na kuyabadilisha kwa ya moto. Akauliza alichokwenda kukipata. Esteri akamsimulia yote, tangu gari lile la mwezi wa pili mpaka maharage yaliyoota uani. Anne-Marie alisikiliza mpaka mwisho. Hakusema kitu juu ya watembezi na miguu yao. Aliuliza tu kama yule mama ana karanga za kutosha, kwa sababu yeye alikuwa nazo gunia zima.

Kazi haikupungua baada ya hapo. Wanawake waliendelea kuja na uchungu wao, barabara iliendelea kuwa ile ile, na jioni Esteri aliendelea kurudi nyumbani akiwa hoi. Lakini ulikuwa uchovu wa mtu aliyefanya kazi, na ulipolazwa ulilala. Mwezi wa kumi, siku ya kliniki, akina mama walikuwa wamepanga foleni chini ya paa la bati wakati Mama Ange alipofika na mjukuu wake, akaingia bila kusita, akaliita jina la Esteri kwa sauti. Athanase alitundikwa kwenye mizani akipiga mateke na kulia kwa kifua kisichokwaruza tena, na mshale ukapanda mpaka mahali ambapo mkunga alitaka ufike.

Laiti Esteri angekaa nyumbani likizo ile akachambua maharage yake, mama mmoja angeendelea kukesha kwa uongo, mkunga mmoja angeendelea kuzeeka kwa ukweli asioutoa, na mtoto yule pengine asingeufikia mzani. Alitoka bila kutafuta kitu, tena akiwa amejichorea njia ya kukikwepa, na bado kilimkuta njiani. Hakika mtembea bure si sawa na mkaa bure.